Kiungulia na maumivu ya mifupa: kosa ni la dawa au la namna tunavyoimeza?

#1 Pingili
Wakuu, salaam. Nina dai moja naomba mlichambue bila kulionea huruma.

Wengi wanaoandikiwa alendroneti ya miligramu 70 kwa wiki kwa ajili ya osteoporosisi (mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi) huiacha mapema, na sababu inayotajwa zaidi ni kiungulia. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya kiungulia hicho inatokana na namna kidonge kinavyoshuka. Dawa hii huunguza ngozi laini ya umio pale inapogusana nayo kwa muda. Kidonge kikimezwa kwa funda moja la maji hunata njiani na kuanza kuyeyuka hapohapo, na matokeo yake ni mchubuko, wakati mwingine kidonda kabisa. Kikifika tumboni upesi, umio hausikii kitu.

Utaratibu wenyewe mnaujua: asubuhi kabla ya kitu chochote, glasi nzima ya maji matupu (mililita 180 hadi 240), kidonge kizima bila kutafuna wala kumumunya, halafu kukaa wima au kusimama dakika 30. Usirudi kitandani mpaka uwe umeshakula chakula cha kwanza cha siku. Anayefuata hayo yote na bado anaungua ni wa kutafutwa. Nani anapinga?

#2 GlasiNzima
Sipingi, naongezea upande uliousahau. Hata ukifanya yote sawasawa, kinachoingia mwilini kutoka kwenye kidonge hicho hakifiki asilimia 1. Ukikimeza kwa kahawa au maji ya machungwa, hicho kidogo kinapungua tena kwa takribani asilimia 60. Maziwa yana kalsiamu, nayo huishika dawa utumboni isipite. Maji ya chupa yenye madini mengi nayo si ya kuaminika hapa.

Kwa hiyo anayemeza na kikombe cha chai kisha akajilaza kidogo anapata hasara mbili kwa mpigo: umio unaungua na mfupa haupati kitu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kuamka alfajiri, kumeza kidonge kando ya kitanda na kurudi kulala. Mtu anajiona ametimiza sharti la tumbo tupu, kumbe amevunja lile la kukaa wima.

#3 MdauWaUmio
Napinga. Mleta uzi, umewabebesha wagonjwa lawama isiyo yao.

Katika jaribio kubwa la alendroneti la miaka ya 1990, kundi lililopewa dawa na kundi lililopewa kidonge kitupu kisicho na dawa yalilalamikia tumbo na kiungulia kwa kiwango kinachokaribiana sana. Maana yake, watu wa umri wa kupata osteoporosisi wana kiungulia tayari. Mtu anaanza dawa, wiki ya tatu kiungulia chake cha siku zote kinakuja, anakinyoshea kidole kidonge. Hapo mkosaji si dawa wala si umezaji.

#4 Kipimo
Mdau, hoja yako ina tundu. Waliokuwa na vidonda vya tumbo vya karibuni, au kiungulia cha kutibiwa kila siku, hawakuingizwa kwenye jaribio hilo. Huku nje ndio hasa wanaoandikiwa dawa bila kuulizwa. Huwezi kuchukua matokeo ya walioteuliwa ukawapa wasioteuliwa.

Nami naleta mtuhumiwa wa tatu: dawa za maumivu. Mwenye osteoporosisi mara nyingi ana mgongo unaouma, na nyumbani ana ibuprofeni au diklofenaki, au anatumia aspirini ya moyo. Hizo huchubua tumbo bila msaada wa mtu. Kabla ya kugombana tuulize kwanza panauma wapi na lini:

Maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, hasa wakati wa kumeza, yaliyoanza siku ya kidonge au kesho yake: fikiria umio.
Maumivu ya juu ya kitovu yanayokuja siku yoyote ya wiki: fikiria dawa za maumivu au asidi ya tumbo.
Tumbo kujaa gesi na choo kigumu: angalia kopo la kalsiamu kaboneti kabla ya kugusa alendroneti.

#5 Pingili
Shukrani, Kipimo. Hili la kalsiamu sikuliweka kwenye dai langu na lilistahili kuwamo.

Kwa wanaosoma kimyakimya: kumeza kukianza kuuma, chakula kikihisi kinakwama, au kiungulia kipya kikali kikija baada ya kidonge, usimeze kingine. Muone daktari kwanza. Mchubuko mdogo ukilishwa kidonge kila wiki huwa kidonda, na kidonda kikipona vibaya umio hubaki mwembamba.

#6 DaftariLaDozi
Marekebisho kwa #1, kwa sababu watu watanakili. Dakika 30 si za dawa zote za kundi hili.

Alendroneti na risedroneti ya kawaida: dakika 30. Ibandroneti ya miligramu 150 ya kila mwezi: dakika 60, kukaa wima na kutokula pia.

Halafu kuna risedroneti ya miligramu 35 yenye ganda linaloyeyukia utumboni. Hiyo humezwa mara tu baada ya kifungua kinywa, na maji angalau mililita 120. Ukiimeza tumbo tupu kwa kufuata kanuni ya dawa nyingine, maumivu ya tumbo yanaongezeka. Kwa hiyo, Pingili, yupo anayefuata utaratibu wako herufi kwa herufi na akaumia kwa sababu ameufuata.

#7 GlasiNzima
Daftari hujawahi kutuacha tulale. Umeshinda hapo.

Na aliyesahau kidonge cha wiki? Wengi hufidia kwa kumeza viwili.

#8 DaftariLaDozi
Viwili siku moja hapana. Kwa alendroneti na risedroneti ya wiki, meza kimoja asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha rudi kwenye siku yako uliyoichagua. Ukikumbuka mchana umeshakula, subiri kesho.

#9 Utulivu
Hodi. Naomba kuuliza: mtu anatumia pia levothairoksini ya tezi ya shingo, nayo inataka tumbo tupu. Zote mbili zinagombania asubuhi moja. Ipi itangulie?

#10 DaftariLaDozi
Karibu. Njia mbili hutumika.

Ya kwanza: siku ya alendroneti, inatangulia yenyewe na glasi ya maji. Baada ya dakika 30, levothairoksini na maji. Kisha dakika 30 hadi 60 nyingine ndipo chakula. Kalsiamu ikae mbali na levothairoksini kwa saa 4, hivyo ihamie jioni.

Ya pili: levothairoksini ihamie usiku, angalau saa 3 baada ya mlo wa mwisho, na kalsiamu ibaki mchana. Mpango huu ukubaliwe na daktari kwanza, na kipimo cha tezi kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu kubadili saa kunaweza kubadili kiwango cha homoni kwenye damu.

#11 MdauWaUmio
Tumehamia shingoni lakini ni kwa manufaa.

Narudi kwa wenye umio usiotaka kidonge. Ipo alendroneti ya kuyeyusha: miligramu 70 kwenye nusu glasi ya maji matupu yasiyo baridi, mililita 120 hivi. Acha mapovu yaishe, subiri dakika 5, koroga kama sekunde 10, kunywa. Hakuna kitu kigumu cha kunata. Tahadhari ni chumvi: kila kidonge cha aina hiyo kina zaidi ya miligramu 600 za sodiamu, jambo la kuangaliwa kwa mwenye shinikizo la damu au moyo dhaifu. Na kukaa wima dakika 30 kunabaki palepale.

Ila mwenye umio uliobana, au asiyeweza kukaa wima nusu saa, asibembelezwe na kidonge cha namna yoyote. Kuna dripu na sindano.

#12 Dripu
Nimeitwa? Basi nieleze kilicho kweli, kwa sababu watu wanakimbia kiungulia wakidhani dripu ni raha tupu.

Asidi ya zoledroniki (zoledroneti), miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Umio unasalimika kabisa. Kinachokuja badala yake ni homa, baridi, kichwa, misuli na viungo kuuma kama mafua makali, kwa kawaida ndani ya siku 3 za kwanza. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2007, karibu mtu 1 kati ya 3 alipata dalili hizo baada ya dripu ya kwanza. Dripu ya pili, kama 7 kati ya 100. Ya tatu, kama 3. Anayeapa kutorudia baada ya mara ya kwanza anakimbia kitu ambacho kwa kiasi kikubwa kimeshapita.

Maandalizi:

Wiki chache kabla: vitamini D na kalsiamu ya damu zipimwe, upungufu urekebishwe. Dripu hii huzuia mfupa kutoa kalsiamu, na kama damu ilikuwa inaishi kwa mkopo huo, inashuka. Dalili zake ni ganzi midomoni na vidoleni, misuli kukaza.

Kabla ya dripu: kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ipimwe. Uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, dawa hii haitolewi.

Siku yenyewe: kula kama kawaida, kunywa glasi 2 za maji kabla. Mishipa iliyokauka na figo iliyokauka ni shida mbili tofauti, maji yanasaidia zote.

Baada ya dripu: parasetamoli gramu 1 kila saa 6 kwa siku 3, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mwenye ini bovu au mwili mdogo sana apewe kiwango chake na daktari. Sipendi ibuprofeni hapa, kwa sababu figo ziko kazini na hazihitaji mzigo wa pili.

#13 Kipimo
Ongeza: dripu iende polepole, isipungue dakika 15. Wanaopata homa kali wengi wamekimbiziwa dripu.

#14 Dripu
Hapo sikubali, Kipimo. Dakika 15 ni kwa ajili ya figo. Ikiingia kwa kasi, kiasi kikubwa hufika kwenye figo kwa wakati mmoja. Homa ina njia yake nyingine, na haijali dakika zako.

#15 Limfu
Njia hiyo ni hii. Zoledroneti huzuia kimeng'enya kimoja kwenye mnyororo uleule unaotengeneza kolesteroli. Mabaki hujazana ndani ya seli, na aina moja ya seli nyeupe za damu, ziitwazo gama-delta T, huyasoma kama alama ya uvamizi. Zinaamka na kumwaga kemikali za homa. Ndiyo maana alendroneti ya vidonge, yenye kazi ileile lakini inayoingia kwa chembe, mara chache huleta homa hiyo. Na aliyewahi kutumia vidonge vya kundi hili kabla ya dripu kwa kawaida huumwa kidogo kuliko anayeanza moja kwa moja.

#16 BiChokaa
Maelezo mazuri, Limfu, ila hayaelezi kwa nini wawili wanaoanza pamoja mmoja alale siku 3 na mwenzake aende kazini. Mimi naelekeza macho kwenye vitamini D. Aliye na upungufu ana misuli inayouma tangu zamani, na dripu huja kukoleza.

#17 Limfu
Umri nao. Wagonjwa wenye umri mdogo kidogo huumwa zaidi kuliko wazee sana, kwa kuwa kinga yao bado ni kali. Vitamini D inaweza kuwa sehemu, siikatai, ila siipi kiti cha mbele.

#18 BiChokaa
Mimi naipa. Tuachane hapo kwa amani.

#19 Pingili
Kabla hamjaachana: na yale maumivu ya mifupa, viungo na misuli yanayokuja miezi mingi baada ya kuanza dawa, wala si siku 3? Hayo tunayaweka wapi?

#20 Kipimo
Hapo ndipo uzi huu ulipaswa kuanzia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2008 kwamba dawa za kundi la bisfosfoneti (ndilo la alendroneti, risedroneti, ibandroneti na zoledroneti) zinaweza kuleta maumivu makali ya mifupa, viungo au misuli baada ya siku, miezi au hata miaka. Wengine hupona wakiacha, wengine polepole au si kabisa.

Ila kabla ya kuhukumu dawa, vitu vitatu viondolewe mezani. Upungufu wa vitamini D, ambao wenyewe hulainisha na kuumiza mifupa. Pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea karibuni: maumivu ya ghafla ya mgongo sehemu moja, yanayozidi ukisimama na kupungua ukilala. Na dawa za kolesteroli, ambazo huumiza misuli na ambazo watu wa umri huu hutumia sana.

#21 PajaZima
Na la nne ambalo halisubiri foleni: paja. Maumivu mapya ya paja au kinena kwa aliyetumia bisfosfoneti au denosumabu (sindano nyingine ya osteoporosisi), hasa miaka mingi, yanaweza kuwa ufa unaotangulia kuvunjika kwa mfupa wa paja kusiko kwa kawaida. Ufa huanzia upande wa nje wa mfupa, maumivu ni butu, hutangulia kwa wiki au miezi. Mtu anasuguliwa dawa ya misuli, anapigwa eksirei ya nyonga pekee, anaambiwa yuko sawa.

Eksirei ioneshe mfupa wote wa paja, na paja la pili pia, kwa sababu mara nyingi ufa upo pande zote mbili. Mpaka majibu yatoke, punguza uzito kwenye mguu huo. Wanaotumia steroidi kwa muda mrefu wako kwenye hatari zaidi. Jambo hili ni nadra, na dawa huzuia mivunjiko mingi kuliko inayoleta, lakini unadra wake haukusaidii kama ni wewe.

#22 Ufizi
Nadra nyingine ni taya: mfupa ulio wazi mdomoni usiopona kwa zaidi ya wiki 8. Kwa dozi za osteoporosisi uwezekano ni mdogo sana, tofauti na dozi kubwa za wagonjwa wa saratani. Kinga ni kumuona daktari wa meno kabla ya kuanza, jino la kung'olewa ling'olewe, fizi zipone ndipo dawa ianze.

Ubishi upo kwa aliyeanza tayari. Kuna wanaosimamisha vidonge miezi 2 kabla ya kung'oa, na kuna wanaosema haina maana kwa kuwa dawa hukaa ndani ya mfupa miaka mingi. Mimi niko na kundi la pili. Usafi wa kinywa na jeraha lililofungwa vizuri vinafanya kazi kubwa kuliko hiyo likizo.

#23 Utulivu
Nimesoma hadi hapa na kichwa kinazunguka. Kwa nini basi mtu asichukue denosumabu, sindano moja kila miezi 6, na maudhi yakija aache tu?

#24 Dripu
Utulivu, swali zuri lakini hiyo "aache tu" ndiyo hatari kuliko yote yaliyoandikwa humu.

Bisfosfoneti hujificha ndani ya mfupa na huendelea kulinda ukiacha. Denosumabu haijifichi. Miligramu 60 zikiisha, seli zinazokula mfupa hurudi kwa kishindo, na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfululizo, mapema hata mwezi wa 7 tangu sindano ya mwisho. Anayetaka kuacha apangiwe dawa ya kumpokea, mara nyingi zoledroneti au alendroneti, karibu na tarehe ambayo sindano ingefuata. Ukichelewa, ichome mara moja na uhesabu miezi 6 upya kuanzia hapo.

Maudhi yake: ukurutu, maambukizi ya ngozi (eneo likiwa jekundu, la moto na linalosambaa, ni la daktari siku hiyohiyo), na kalsiamu kushuka. Kwa wenye figo zilizochoka sana, hasa wa dayalisisi, kalsiamu inaweza kushuka kwa kiwango cha kutisha. FDA iliweka onyo lake kali zaidi kuhusu hilo Januari 2024. Hao wapimwe damu mara kwa mara wiki za mwanzo.

#25 Ufizi
Nakazia. Kwa denosumabu, jino lipangwe katikati ya sindano mbili, wala sindano isiahirishwe kwa ajili ya jino.

#26 DaftariLaDozi
Kwa ufupi, wa teriparatidi, dawa nyingine ya osteoporosisi ya kujichoma kwa sindano ya kalamu, mikrogramu 20 kila siku: dozi za kwanza choma ukiwa umekaa, kwa sababu shinikizo linaweza kushuka ndani ya saa 4 ukasikia kizunguzungu. Wengi huhamishia jioni kabla ya kulala. Kipimo cha kalsiamu kichukuliwe angalau saa 16 baada ya sindano, vinginevyo kitasoma juu na utasimamishiwa dawa bure. Kalamu itupwe siku ya 28 hata kama imebaki dawa. Sindano mpya kila mara, na usiiache ikiwa imechomekwa.

Wa raloksifeni, nayo ya osteoporosisi, maudhi ni joto la ghafla na misuli ya mguu kubana. Kikubwa ni damu kuganda, hivyo huachwa angalau saa 72 kabla ya upasuaji wa kulaza kitandani muda mrefu.

#27 BiChokaa
Mmesahau kalsiamu yenyewe na mimi nipo. Kalsiamu kaboneti imezwe na chakula, inahitaji asidi ya tumbo. Kalsiamu sitireti haihitaji, kwa hiyo anayetumia omeprazoli kwa kiungulia abadilishiwe hiyo. Isizidi miligramu 500 hadi 600 za kalsiamu halisi kwa mara moja, na soma kopo: miligramu 1,250 za kaboneti ni 500 tu za kalsiamu. Choo kikiwa kigumu, gawa dozi, ongeza maji, au hamia sitireti.

#28 Pingili
Narekebisha dai langu baada ya kupigwa pande zote. Mwenye maudhi asibadilishe vitu vitatu kwa pamoja. Kama hakuna dalili za hatari za #5, kwanza asahihishe umezaji kwa vidonge 2 vinavyofuata. Kisha kalsiamu ihamie sitireti. Kisha azungumze na daktari kuhusu dawa za maumivu. Aandike siku na saa ya kila kiungulia. Kikifuata siku ya kidonge kila mara, ni kidonge.

#29 MdauWaUmio
Bado, Pingili. Vidonge 2 ni wiki mbili. Kiungulia cha kawaida huja na kuondoka chenyewe, kitamdanganya kwenye daftari. Mimi nataka angalau vinne, na siku ya kidonge ihamishwe katikati ya jaribio hilo, tuone kama kiungulia kitahama nacho.

#30 Kipimo
Kuhamisha siku nimeipenda. Ila kama yuko kwenye ibuprofeni ya kila siku, hata vinane havitakuambia kitu.